Kama Nilivyopokea

Miongoni mwa misemo iliyozaliwa na simu za mkononi, hakuna unaonishughulisha kama huu: "Kama nilivyopokea." Mtu huletewa picha ya mwimbaji au mchezaji sinema mashuhuri, huitazama kitambo kidogo, kisha huwapelekea wenziwe hamsini, na chini yake huandika maneno hayo mawili. Kwa hayo hudhani kwamba amekwisha nawa mikono.

Sisi tusomeshao lugha hatuna budi kuyastaajabia maneno hayo. Zamani msimulizi alitakiwa kumtaja aliyemsimulia. Wanavyuoni wa hadithi za Mtume waliifanya kawaida hiyo kuwa elimu kamili, wakaiita isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, na kila mmoja akapimwa ukweli wake na nguvu ya kumbukumbu yake. Kupokea kulikuwa dhamana. Huku "kupokea" kwa leo hakuna jina hata moja. Hata sarufi imeingizwa katika ujanja huo, kwani aghalabu husikia "picha imetumwa", "picha imesambazwa". Kauli ya kutendwa imemficha mtenda.

Ughushi wenyewe si mgeni. Mwezi wa Agosti 1989 jarida la TV Guide la Marekani lilitoa jalada lenye kichwa cha Oprah Winfrey juu ya kiwiliwili cha Ann-Margret, bila ya ruhusa ya yeyote kati ya wanawake hao wawili. Lakini jarida lile lilikuwa na jina, na mhariri alikuwa na afisi. Aliyekosewa aliujua mlango wa kubisha.

Mwezi wa Januari 2024 picha chafu za Taylor Swift, zilizobuniwa kwa akili mnemba, zilienea katika mtandao wa X. Habari moja tu yenye picha hizo ilitazamwa zaidi ya mara milioni 45 kabla haijaondolewa. Aliyezibuni hakuzifikisha huko peke yake! Kisha mtandao ule ukazuia kwa muda jina la mwimbaji huyo lisitafutwe; yaani aliyedhulumiwa ndiye aliyefungiwa jina.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Donald Trump, akiwa mgombea urais, alitangaza picha, nyingine za kubuni, zilizodokeza kwamba Swift na wapenzi wake wanamuunga mkono. Tarehe 10 Septemba mwimbaji aliandika kwamba jambo lile lilimzidishia hofu ya akili mnemba, akaona imempasa aseme waziwazi kwamba kura yake ni ya Kamala Harris. Kura ni siri ya mtu. Huyu alilazimika kuitoa hadharani ili ayafute maneno asiyoyatamka.

Wako watakaosema kwamba picha nyingine ni za mzaha tu, kama ile ya Machi 2023 iliyomvika Papa Fransisko koti jeupe la kutuna. Naam, nami nilicheka. Lakini Mei 2024 zilienea picha za Katy Perry akiwa katika tamasha la mavazi la Met Gala, New York, mahali ambapo hakuhudhuria, na mama yake mzazi akampelekea pongezi kwa gauni lake zuri. Ikiwa aliyemzaa hakuweza kutambua, sisi wa Kampala na Bujumbura, tunaotazama kwa kioo cha simu kilichopasuka, tutambue kwa lipi?

Tena iko hasara ya pili, nayo naiogopa zaidi. Agosti hiyohiyo ya 2024 Trump alidai kwamba umati uliompokea Harris katika uwanja wa ndege wa Detroit ulikuwa wa kubuni, ilhali watu walikuwapo kweli kwa maelfu. Picha za uongo zikizagaa, mwenye kutaka kuikana ya kweli hupata pa kusimama.

Mwezi wa Mei 2025 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Take It Down. Sheria hiyo humtia hatiani mwenye kutangaza kwa makusudi picha za faragha za mtu bila ya idhini yake, hata zikiwa za kubuni, na kuiagiza mitandao iziondoe katika saa 48 baada ya mwenyewe kulalamika. Maadamu hukumu ni ya atangazaye, si ya abuniye peke yake, naiona sheria yenye busara. Lakini saa 48 ni nyingi mno, kwani picha zile za Januari zilikwisha tazamwa na mamilioni katika muda usiotimia siku moja.