Mpira Urithiwao Nyumbani



Huku Bafwasende watoto huupenda mpira kabla ya kujua kusoma. Nani aliyewafundisha? Ni wazee wao.

Baba yangu hachoki kusimulia habari za Ndaye Mulamba. Mwaka 1974, huko Misri, alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika, na Zaire, ndiyo Kongo yetu, ikalitwaa. Hata leo hakuna aliyeifikia hesabu hiyo. Mimi nami huwasimulia wanangu jinsi Mazembe ya Lubumbashi ilivyofika fainali ya vilabu vya dunia mwaka 2010.

Juzi mwanangu alimwuliza mzee: “Babu, mbona hutuambii kwamba mwaka ule ule, katika Kombe la Dunia, Yugoslavia iliwafunga watu wetu mabao 9 kwa 0?” Mzee akanyamaza kidogo, kisha akajibu: “Kweli, mjukuu wangu, walifungwa. Lakini ndugu yako akianguka, utamkana?”

Tangu siku ile husimulia yote mawili, ushindi na aibu, na watoto humsikiliza zaidi.

Basi, wazazi, tusiwafiche watoto siku za kushindwa. Apendaye siku ya kombe tu, hajapenda bado.