Vitenge na Leso katika Soko la Machakos

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Machakos hupita nyanda kavu za Athi, kisha huiona milima ya Iveti, na chini yake mji uliokuwa boma la utawala hata kabla ya Nairobi kuanzishwa mwaka 1899. Jina lake limetokana na Masaku, mzee maarufu wa Wakamba. Biashara ya nguo huko ni ya zamani zaidi ya boma. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba iliteremsha pembe za ndovu hadi pwani, ikarudi na shanga, merikani na kaniki. Si ajabu basi kuwaona akina mama sokoni wakikipindua kitambaa kabla ya kuuliza bei.

Kitenge lazima kipinduliwe. Asili yake ni batiki ya Java, ambayo Waholanzi waliiga kwa mashine; kiwanda cha Vlisco kilianzishwa mjini Helmond mwaka 1846. Kitenge cha nta halisi huchapwa kwanza nta au ulimbo wa moto pande zote mbili, kisha hutiwa katika rangi, kwa desturi ya nili. Penye nta rangi haiingii. Lakini nta hupasuka, rangi ikapenya nyufani na kuacha mishipa myembamba kama ya jani. Rangi nyingine hufuata, nazo pengine huvuka mistari yake kidogo. Mgeni huiita kasoro, mjuzi huitafuta.

Viko pia vitambaa vilivyochapwa nyufa za bandia. Bei yake ni rahisi, wala si aibu kuvivaa. Ubaya ni mkulima kuuza magunia ya mahindi ili apate nguo ya arusi ya bintiye, akalipa bei ya nta kwa kisicho cha nta. Na atazame ua moja, kisha ua jingine la namna hiyo hiyo. Nyufa za kweli hazilingani kamwe. Za kuchapwa hurudi zile zile kila ua linaporudi. Tena upande wa nyuma wa bandia mara nyingi huwa umefifia.

Leso ni jambo jingine, ingawa huuzwa duka lilo hilo. Nakshi ya kitenge hurudiwa mfululizo, na fundi aweza kukikata karibu po pote. Leso ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Huuzwa kwa doti, mbili pamoja. Fundi mwangalifu huitandaza yote mezani kwanza, ili pindo liwe chini ya gauni na mji ukae kifuani. Asiyepima huweza kuyapeleka maneno kwapani. Ni vema kumwambia mapema jina lisomeke wapi, kwa maana mkasi ukishapita hakuna la kufanya ila kununua doti nyingine.