Ziwa Letu na Kitovu cha Mtoto



Wengi wetu tunaoishi Mwanza tunaukumbuka mwaka 1999. Mwaka huo Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hofu ya mabaki ya sumu za mashambani ambazo baadhi ya wavuvi walizitumia kuvulia. Kaya nyingi zilizotegemea sangara zilikosa kipato. Baadaye zuio liliondolewa, nasi tukalihesabu jambo lile kuwa la biashara tu.

Lilikuwa pia la mwili. Miongoni mwa sumu hizo ni endosalfani, ambayo wakulima wa pamba waliijua kwa jina la Thiodan. Kemikali hii huingilia kazi ya homoni, yaani wale wajumbe wanaopeleka maagizo ya mwili kwa njia ya damu. Tena, mishipa yetu imetandikwa kwa ndani tabaka la seli moja tu, nazo ndizo husaidia mshipa ulegee au ubane. Wataalamu huzipata seli hizo katika kitovu cha mtoto aliyezaliwa, ambacho kwa kawaida hutupwa. Zikikutana na endosalfani katika maabara, hudhurika, na nyingine hufa. Maabara si sahani ya chakula, na vipimo vyake si lazima viwe vya mezani kwetu. Hata hivyo, onyo tumelipata. Mwaka 2011 Mkataba wa Stockholm uliiorodhesha sumu hii miongoni mwa kemikali za kuondolewa duniani.

Mama mmoja muuza samaki alitusimulia kwamba alikataa ndoo ya samaki wa bei ya chini, kwa kuwa kijana aliyewaleta hakutaka kusema aliwavuaje. Siku ile alirudi nyumbani mikono mitupu. Tulipomuuliza kwa nini, alijibu: “Baba, wanaonunua kwangu ni majirani. Kuna wajawazito. Nitawatazamaje?”

Jibu hilo limetuandama juma zima. Tunahubiri uaminifu, lakini gharama yake tunamwachia mama huyu peke yake. Tunaomba Jumuiya Ndogo Ndogo zilizo kandokando ya ziwa zilizungumze jambo hili: muuzaji akikataa samaki wa mashaka, mfuko wa jumuiya umsaidie mtaji wa kesho yake. Na makopo ya viuatilifu yasitumike tena kuwekea maji wala mafuta ya kula.

Tunawatakia juma jema.