Kuchaguliwa Vyuo Viwili, Kwenda Kimoja



Likizo yetu ya kichungaji huangukia miezi ambayo vijana waliomaliza Kidato cha Sita wanasubiri majibu ya vyuo. Basi sisi mafrateri tukifika parokiani, swali huja mapema: "Frateri, nimechaguliwa vyuo viwili. Nithibitishe kipi?"

Tangu mwaka 2017 waombaji wa shahada ya kwanza nchini Tanzania huomba moja kwa moja vyuoni, si tena kupitia mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Mtu mmoja anaweza kudahiliwa vyuo vitatu, na vyote vikamhesabu. Hapo TCU humtaka athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwa simu au barua pepe. Vingine hubaki na jina lisilo na mtu. Marekani wana kipimo cha jambo hili: kati ya mia waliokubaliwa, wangapi wameingia? Chuo cha Harvard hupata zaidi ya 80, lakini vyuo vingi havifikishi nusu. Kwa chuo kinachoendeshwa kwa ada, viti vitupu ni mishahara ya wahadhiri. Mfalme wa ule mfano wa karamu ya harusi alilijua hilo: kualika ni kazi moja, kupata wageni ni nyingine.

Lakini kijana hachagui ili kujaza hesabu za chuo. Tukikaa naye chini ya mwembe, tunasikia sababu zake. Mmoja anafuata jina kubwa la chuo. Mwingine ana shangazi Mwanza, kwa hiyo kodi ya chumba haitamsumbua. Mwingine anaogopa kudisco, na wengi wanasema kwa ufupi: "Nasubiri mkopo." Hatuwezi kuzicheka sababu hizi. Bwana wetu mwenyewe alimsifu mtu anayeketi na kupiga gharama kabla ya kujenga mnara. Na mkopo nao una gharama: akishaajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Kinachotusikitisha ni pale uamuzi unapokuwa wa mtu mwingine. Kuna vijana waliojaziwa maombi steshenari kwa namba ya simu ya mwenye duka. Ujumbe wa kuthibitisha unaingia huko, wao hawana habari. Kuna waliochaguliwa kozi na kaka anayelipa ada. Na kuna wazazi wanaotaka chuo fulani kwa sababu mtoto wa jirani yuko hapo.

Katika falsafa tunajifunza kwa Aristotle kwamba kuchagua ni zaidi ya kutamani. Tunaweza kutamani hata yasiyowezekana, lakini tunachagua yaliyo ndani ya uwezo wetu, baada ya kuyatafakari. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliyaishi hayo kabla ya kuyafundisha. Familia yake ilitaka awe abati wa Monte Cassino. Yeye akawachagua Wadominikani, watawa ombaomba. Ndugu zake walimkamata na kumfungia nyumbani. Walimpenda, lakini walimpendea walichokitaka wao.

Kwa hiyo kijana akituuliza athibitishe kipi, tunamrudishia maswali matatu. Kozi hii ungeisoma hata kama chuo kisingekuwa na jina? Mkopo usipotoka wote, nani atasimama nawe hadi mwaka wa mwisho? Na huko uendako, imani yako itapata jumuiya? TMCS ipo katika vyuo vingi; aulize mapema, asisubiri upweke umfikie. Akishajibu, tunanyamaza. Kidole kinachobonyeza kiwe chake.

Nanyi waamini, tunawaomba jambo moja. Jumuiya zetu huchangia haraka kwenye msiba na harusi. Mchango wa kijana anayekwenda chuo mara nyingi huanza akiwa amekwisha kuzuiwa kufanya mtihani kwa deni la ada. Tukiketi naye mwezi wa nane, tukapiga hesabu pamoja, atachagua akijua nini anacho na nini hana. Uhuru wa kuchagua ni zawadi ya Mungu, lakini mwenye mfuko mtupu huupata nusu tu. Nusu nyingine tunaweza kumpa sisi.