Nyua za Madrid na Kumbi za Kariakoo

Mchezo wa kuigiza hupenda kuzaliwa penye msongamano wa watu wenye senti chache mfukoni. Aliyezoea ukumbi wa DDC Kariakoo, Dar es Salaam, katika miaka ya 1980 na 1990, lau angalifikishwa Madrid ya mwaka 1600 asingalijiona mgeni sana.

Huko Hispania jukwaa lilijengwa uani, baina ya nyumba za watu. Ua wa Cruz ulifunguliwa mwaka 1579, na ule wa Príncipe mwaka 1583. Sehemu ya viingilio ilikwenda kwa vyama vya dini vilivyotunza wagonjwa hospitalini. Mabwana walitazama kutoka madirishani, wanawake walitengewa roshani yao, na wanaume wanyonge walisimama chini, mchana kweupe. Hao waliosimama ndio waliokuwa mahakimu. Wakizomea, mchezo umekufa. Lope de Vega aliwajua vema. Katika shairi lake la mwaka 1609 alitetea desturi ya kuchanganya kilio na kicheko, akaziweka kando kanuni za wanazuoni wa kale, kwa hoja kwamba mwenye kulipa ndiye wa kuridhishwa. Tena, baina ya sehemu tatu za mchezo mkuu palitiwa vichekesho vifupi na ngoma, watu wasichoke.

Mpango huo Kariakoo iliujua bila ya kufundishwa na Mhispania. Kikundi cha Muungano, na mshindani wake TOT kilichoanzishwa mwaka 1992, vilitoa katika onyesho moja ngoma, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu. Wako waliouita usanii wa vilabuni. Dharau hiyo ingalimfaa Lope pia.

Lakini tofauti moja ni kubwa. Lope aliandika, michezo yake ikachapwa, na mamia yake yangali yanasomwa. Waigizaji wa Kariakoo walipatana kisa tu, maneno yakaja jukwaani. Humo ndimo ilimokuwa nguvu yao, na ndimo ilimotoka hasara. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, yaweza kufunguliwa na kusomwa leo. Michezo iliyowaliza na kuwachekesha watu wa Kariakoo usiku baada ya usiku haina kitabu. Mingi imebaki katika vifua vya waigizaji na watazamaji wanaozeeka, na wengine wao wamekwisha zikwa nayo.