Kigoma: Mashine Inajibu, Ziwa Linaamua

Wiki hii niko Kigoma, mwisho wa reli, mji wa dagaa na mawese.

Mwaka 1871 Stanley alitembea zaidi ya miezi saba kutoka pwani mpaka Ujiji akimtafuta Livingstone. Leo mgeni akikosa jibu dakika tano tu, kahamia kwa wakala mwingine. Ndiyo maana ofisi za safari zinaweka chatiboti, ile programu inayojibu meseji yenyewe.

"Kaka, saa nane usiku hapa kwetu, New York bado ni jioni," jamaa wa ofisi moja aliniambia. "Nimlipe nani akeshe?"

Maswali yenyewe ni yaleyale. Gombe tunafikaje? Kwa boti, barabara hakuna. Bei gani? Viza je? Mashine haisinzii wala hainuni. Asubuhi jamaa anakuta majina na tarehe, yeye anamalizia dili.

Nikaijaribu kwa Kiswahili: boti ni saa mbili asubuhi? Ikajibu: ndiyo, 2:00 AM. Weee! Hiyo si ndiyo saa nane ya usiku? Ukiifuata, utakesha ufukweni na mbu.

Nikaenda Kibirizi, zinakopakia boti za mbao, nikamuuliza mzee mmoja nahodha habari za kesho. Hakuwa na haraka. Akalitazama ziwa weee, kisha akasema, "Upepo ukikubali, mwanangu."

Basi msomaji, kupanga safari, panga na mashine. Kupanda boti, muulize aliyeko ufukweni. Tanganyika ina kina cha zaidi ya mita 1,400, haisomi meseji.