Kasumba
Mundu wa kuvunia mpunga ulinikata kano za mkono wa kuandikia, hapa Ubaruku. Baada ya upasuaji niliomba tramado. Daktari akanipa parasetamoli na ibuprofeni, nimeze kwa saa, baada ya kula, nisingoje maumivu yapande. Dawa za jamii ya afyuni akaziweka akiba.

Akauliza: mkono unawanga, unapwita au unachoma? Mtunzi mzima nikababaika. Ulikuwa unapwita.

Usiku wa pili nilimlaani. Kisha nikakumbuka kuwa afyuni kwa Kiswahili huitwa pia kasumba, neno ambalo siku hizi tumeliachia akili zilizopumbazwa. Nikauinua mkono juu ya mto, nikahesabu mizani kwa mapigo yake: nane, nane. Alfajiri ukatulia.

Kidole cha shahada bado hakikunji. Haya namtajia binti yangu, ndiye anayeandika.